Miguu Ikifa Ganzi: Pima Kwanza, Vidonge Baadaye

Je, mama, umewahi kuamka usiku ukakuta nyayo zinawaka kama umekanyaga makaa? Au ndala imekuvuka njiani nawe huna habari, mpaka mtoto akuambie?

Wengi wetu, iwe Mbagala au Tandale, tukipatwa na hali hiyo hufanya mambo mawili. Tunanunua vidonge vya vitamini B duka la dawa, na jioni tunakanda miguu kwa maji ya moto na chumvi. La kwanza laweza kusaidia, au lisisaidie. La pili ni la hatari. Mguu wenye ganzi hauhisi moto. Ngozi hubabuka mwenyewe hajui, na kwa mwenye kisukari kidonda hicho chaweza kusababisha mguu ukatwe.

Ganzi hutokana na nini?

Ganzi ni dalili kwamba mishipa ya fahamu ina matatizo. Kisukari ni chanzo kikubwa. Vyanzo vingine ni upungufu wa vitamini, pombe, virusi vya UKIMWI, na ukoma, ambao huweza kuanza na baka lisilohisi mguso. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, hupunguza vitamini B6 mwilini. Metformini, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi huweza kupunguza B12. Usiache dawa hizo. Mweleze daktari wako.

Upungufu wa vitamini si jambo la kupuuza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 madaktari wa macho jijini Dar es Salaam walianza kupokea vijana waliokuwa wakipoteza nguvu ya kuona, na baadhi yao miguu ilikufa ganzi au kuwaka. Uchunguzi wa baadaye uliuhusisha ugonjwa huo na upungufu wa foleti na vitamini B12. Nchini Cuba, kati ya 1991 na 1993, watu zaidi ya 50,000 walipatwa na maradhi ya namna hiyo, na serikali ikagawa vitamini kwa wananchi.

Je, vidonge vinafaa?

Vinafaa pale vitamini ilipopungua. Ikiwa chanzo ni sukari au ukoma, utameza vidonge huku ugonjwa ukiendelea. Tena vitamini B6 nyingi mno, kwa miezi mingi, yenyewe huharibu mishipa ya fahamu. Kwa hiyo anza zahanati upimwe sukari. Ikibidi utapelekwa hospitali ya Mwananyamala au Temeke. Dawa za ukoma hutolewa bure. Kwa maumivu ya usiku, daktari aweza kukuandikia dawa inayotuliza mishipa yenyewe.

Lakini ganzi ikija ghafla upande mmoja, mdomo ukapinda au maneno yakakwama, hicho ni kiharusi. Usingoje kesho.

Nyumbani

• Dagaa, maini, mayai na maziwa vina B12. Kunde na mchicha vina foleti.
• Pima maji ya kuoga kwa kiwiko, si kwa mguu.
• Usitembee pekupeku, hata uani.
• Kila jioni tazama nyayo na katikati ya vidole. Ukiona lengelenge au jeraha, nenda kituo cha afya.

Mama, kila siku unakagua miguu ya watoto kabla hawajapanda kitandani. Leo kagua na ya kwako.