Likasi: Mashua ya matembezi na hesabu ya moteri ya mazutu

LIKASI, Haut-Katanga – Katika mji huu, mwenye moteri ya mazutu iliyoharibika hatafuti fundi kwa muda mrefu. Likasi imelelewa na chuma: viwanda vya Shituru, karakana kuu za Gécamines kule Panda, reli, na makamio ya madini yanayopita usiku na mchana kuelekea Kolwezi au Lubumbashi. Kufungua pompa ya mazutu, kusafisha injekteri, kubadilisha segmenti za pistoni, hizo ni kazi za kila siku kwenye garaji za mtaani.

Kwa hiyo mkaaji wa Likasi akipata makuta kidogo na wazo la kununua mashua ya kutembea na jamaa yake kwenye ziwa Tshangalele siku ya Mungu, shauri la kwanza analopewa linajulikana: weka moteri ya mazutu. Inakula kidogo, inadumu, na mafundi wako hapa. Maneno hayo matatu yote ni ya kweli. Lakini moteri za mashua ya matembezi kwa kawaida haziuawi na kazi. Zinauawa na kukaa bure, na maji, na mazutu machafu. Tena kuna suala la bei, ambalo watu hulipigia hesabu nusu tu.

Tuanze na hesabu hiyo. Moteri mpya ya mazutu ya mashua, yenye nguvu za farasi 30, iliyotoka kiwandani ikiwa na gia yake, kwa kawaida inapita dola 10,000 huko Ulaya, kabla ya meli, barabara na forodha. Hapo bado shafti, helisi, tangi na kazi ya kuifunga ndani ya mashua. Moteri ya esanse ya kuning'iniza nyuma, yenye nguvu hizo hizo, inaweza kupatikana kwa nusu ya bei hiyo, na haihitaji kutoboa mashua. Kwa mfano wetu, tuseme ya mazutu inafika Likasi na kufungwa kwa dola 12,000, na ya esanse kwa dola 5,000. Tofauti ni dola 7,000.

Sasa mafuta. Zikiendeshwa kwa nguvu ya kadiri, si za mwisho, ya mazutu itakula kama lita 6 kwa saa, na ya esanse ya kisasa lita 9 au 10. Zile za zamani za kuchanganya mafuta na oili zinakula zaidi ya hapo. Tuseme mwenye mazutu anaokoa lita 3 na nusu kila saa, na lita moja ya mafuta ni dola 1 na nusu, kwa yote mawili. Anaokoa dola 5 na kidogo kwa saa. Ili arudishe zile dola 7,000 anahitaji saa zipatazo 1,300 kwenye maji.

Mtu anayetoka na jamaa yake mara mbili kwa mwezi, saa tatu kila safari, anafikisha saa 72 kwa mwaka. Atangoje miaka 18. Lakini yule anayepeleka wageni kwa malipo, siku nne kwa juma, saa nne kwa siku, anafika saa 800 kwa mwaka, na kabla ya miaka miwili kwisha moteri imejilipa. Bei zikibadilika, kila mtu aweke zake. Umbo la hesabu halibadiliki sana. Mazutu humlipa anayefanya kazi nayo. Kwa anayepumzika nayo, akiba ya mafuta ni kitu kidogo mno.

Kuna sababu nyingine ya kupenda mazutu ambayo haipimwi kwa dola, nayo ni moto. Mvuke wa esanse unawaka hata kwenye baridi kali, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, unashuka na kulala chini ya mbao za sakafu, ukingojea cheche moja ya batri. Mazutu yanahitaji joto la zaidi ya digrii 55 kabla mvuke wake haujaweza kushika moto. Ndani ya mashua iliyofunikwa, yenye watoto, tofauti hiyo ni kubwa.

Historia ya upande wetu inayo mfano wake. Mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou, kwenda kupigana na meli za Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Zilikuwa za mbao, futi 40, zilizokuwa zimeundwa kuhudumia ndege za majini za Wagiriki. Mkuu wa msafara, Geoffrey Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa, wakubwa wake wakakataa. Kutoka Cape Town zilikuja kwa reli hadi Elisabethville, zikapita upande huu wa Kambove mpaka mwisho wa reli pale Fungurume. Kutoka hapo zilikokotwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kisha reli tena hadi Bukama, mto Lualaba, na mwishowe Kalemie, wakati huo ikiitwa Albertville au Lukuga.

Kila mashua ilikuwa na moteri mbili za esanse, za farasi 100 kila moja. Zilikuwa za kasi, na kasi ndiyo iliyowapa ushindi: tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915 waliiteka meli Kingani, na mwezi wa pili uliofuata wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Hata hivyo waliingia vitani wakiwa wamekalia matangi ya esanse, ndani ya ubao mwembamba, na risasi moja mahali pabaya ingetosha. Meli kubwa ya Wajerumani ya ziwa hilo, ambayo leo inaitwa Liemba, ilibaki na mvuke mpaka miaka ya 1970, kisha ikawekewa moteri za mazutu. Lakini Liemba ni meli ya kazi, na meli ya kazi ina mtu wa moteri anayelala karibu nayo. Mashua ya siku ya Mungu haina mtu huyo.

Turudi Tshangalele, maana ziwa lenyewe lina sauti katika jambo hili. Ni ziwa la kutengenezwa na watu. Bwawa la Mwadingusha lilizuia mto Lufira ili kuipa shaba umeme, na kituo chake kilianza kazi mwaka 1930. Ukarabati wake mkubwa ulimalizika 2021. Kwa macho ni ziwa pana, lakini kina chake ni kifupi, na mahali pengi mpondo wa mvuvi unagusa chini. Mwisho wa kiangazi, maji yakipungua, ukingo unarudi nyuma na matope yanaonekana mahali mashua ilipofungwa mwezi uliotangulia.

Moteri ya esanse ya kuning'iniza inainuliwa kwa mkono, helisi inatoka majini, na mashua inapita. Moteri ya mazutu ya ndani ina shafti iliyokazwa chini ya mashua, na helisi haiinuliwi. Ikigusa kisiki au mwamba, shafti inapinda. Ikizungushiwa majani au wavu wa nylon, inasimama. Uzito nao unahesabiwa. Moteri ya mazutu ya farasi 30 pamoja na gia yake inaweza kufika kilo 130 na zaidi, mara mbili ya ile ya kuning'iniza, na kila kilo inaishusha mashua ndani ya maji ambayo tayari ni machache.

Tena kuna maji ya kupoza moteri. Moteri nyingi za mashua huvuta maji ya ziwa kwa pompa yenye gurudumu dogo la mpira. Kwenye maji yenye majani na matope, mdomo wa kuvutia huziba, na mpira ukizunguka bila maji unachanika katika dakika chache. Mito inayopita Likasi imekuwa ikiteremsha taka za viwanda vya shaba kwa miaka mingi, na watafiti wamekwisha kupima shaba na kobalti katika mashapo na samaki wa ziwa hili. Hilo ni jambo kubwa kwa wanaokula samaki hao, na linastahili habari yake peke yake. Kwa pompa ya moteri, mashapo ni mchanga tu: yanasaga.

Dawa inajulikana, na mafundi wa Panda wasingeshindwa kuitengeneza: mabomba ya kupozea yanayofungwa nje, chini ya mashua, ambamo maji safi ya moteri yanazunguka yakipozwa na ziwa bila kuchanganyika nalo. Hakuna mdomo wa kuziba. Lakini mabomba hayo yako chini, pale pale matope yanaposubiri, na lazima yakingwe kwa chuma.

Hapa ndipo ujuzi wa Likasi unapoweza kupunguza bei, na pia ndipo unapoweza kudanganya. Moteri nyingi zinazouzwa ghali kwa jina la moteri za mashua si za kipekee. Kampuni ya Beta Marine huanza na moteri za Kubota, ambazo watu wanazijua kwenye matrekta na mashine ndogo. Nanni nayo imetumia za Kubota na za Toyota. Chuma cha katikati ni kile kile. Bei inapanda kwa sababu ya gia ya mashua, mabomba ya kupoza, bomba la moshi na kila kilichobadilishwa ili kistahimili maji. Kwa hiyo mtu anayenunua moteri ya okazioni ya Toyota au Isuzu na kumpa fundi wa makamio hajakosea. Piesi zinapatikana, mkono wa kuitengeneza upo.

Anakosea akidhani kazi imekwisha pale moteri inapowaka. Kwenye gari, upepo hupoza bomba la moshi. Ndani ya mashua ya mbao, bomba kavu lisilofungiwa vizuri linachoma ubao, na likivuja linajaza hema la mashua gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamekaa. Bomba linalopozwa kwa maji linaondoa joto hilo, lakini likipangwa chini mno maji yanarudi nyuma hadi kwenye silinda, na moteri nzima inakwenda. Shafti isiponyooshwa sawasawa na gia, inatetemeka mpaka mlango wa maji unafunguka. Fundi hodari wa Hino hajui mambo haya kwa sababu Hino haina habari nayo. Anahitaji kukaa na mtu wa mashua, wa Kalemie au Moba, kabla ya kukata ubao wa mtu.

Kuhusu moteri ipi, hapa Likasi ile ya zamani yenye pompa ya kawaida inashinda ya kisasa ya kompyuta. Ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee, na hewa ikiingia kwenye mazutu inatolewa kwa ufunguo mmoja na mikono miwili. Ya kompyuta inakula kidogo zaidi na kelele yake ni ndogo, lakini waya mmoja ukiingia maji katikati ya ziwa hakuna ufunguo utakaoirudisha. Mnunuzi akumbuke pia kwamba ziwa liko juu, zaidi ya mita 1,000. Moteri isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja kwa kumi ya nguvu zake kwa sababu ya hewa nyepesi, na helisi iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani itakuwa nzito kwake.

Yanabaki mazutu yenyewe. Moteri ya kamio inakunywa tangi zima kwa siku mbili, hata uchafu unapita kabla haujatulia. Tangi la mashua ya matembezi linakaa miezi mitatu likiwa nusu. Usiku hewa iliyo juu ya mafuta inapoa, inatoa jasho, maji yanashuka chini ya tangi, na mahali maji yanapokutana na mazutu vijidudu vinaota na kufanya uji mweusi. Siku ya kwanza ziwa linapochafuka kwa upepo wa mvua, uji huo unakorogwa na kwenda kwenye filtri. Moteri inazimika wakati ule ule inapohitajika. Watu watalaumu moteri, na moteri haina kosa.

Kinga yake ni rahisi kuliko piesi yoyote. Mazutu yanunuliwe kwenye stesheni yenye kupita makamio mengi, si kwenye bidoni la kando ya barabara. Tangi lijazwe kabla ya kuiacha mashua. Filtri ya kutenga maji, yenye kikombe cha kuonea chini, iwekwe kabla ya pompa, na kikombe kifunguliwe kila safari. Filtri za akiba zikae ndani ya mashua, si nyumbani. Oili ibadilishwe kabla ya kuilaza moteri, maana oili chafu ina asidi inayokula chuma wakati moteri imelala. Na kila majuma mawili iwashwe, gia ikiwa imetiwa na mashua imefungwa kwa kamba ngumu, ivute kwa nguvu muda wa nusu saa mpaka ipate moto sawasawa. Kuiwasha dakika tano na kuizima kunaijaza masizi tu.

Mwenye mashua asiyeweza kupata mtu wa kufanya hivyo pale Kapolowe au Mwadingusha, yeye akiwa Likasi, afadhali anunue ya kuning'iniza, aifungue jioni na kurudi nayo nyumbani ndani ya gari.