Majibu Yanayokuja Gizani

Maji yanayotoka kwenye mialo ya kuoshea dhahabu huko Geita huwa na tope jekundu ambalo hata mtoto analiona. Zebaki ndiyo haionekani. Mchimbaji aliyeichanganya na mchanga kwenye karai anaijua ile iliyokamata dhahabu. Iliyotoroka na maji hana pa kuipimia. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki kwa lita. Gramu moja, ikiyeyuka yote, inafikisha kiwango hicho katika maboza 16 ya lita 10,000.

Maabara kubwa zina mashine za kuipima, ila ni ghali na ziko mbali na mwalo. Kipimo chepesi zaidi kinaweza kutokana na kitu kingine kabisa.

Mwaka 2004 wanakemia wa South Carolina, Marekani, wakisafisha mirija midogo mno ya kaboni iliyotokana na masizi, walikuta mabaki yanayong'aa. Ni vitone vya kaboni, vidogo kuliko nanomita 10; unywele wako una unene wa nanomita kama 80,000. Siku hizi vinapikwa hata kwa juisi ya machungwa, kwenye chombo kilichofungwa kabisa. Vimulike kwa ile taa ya zambarau wanayokagulia noti madukani, navyo vinatoa mwanga wa buluu.

Zebaki ikigusana navyo, nishati iliyokuwa itoke kama mwanga inapotelea kwenye metali. Buluu inafifia, na kadiri zebaki ilivyo nyingi ndivyo giza linavyozidi.

Tatizo ni kwamba chuma nacho huzima vitone hivyo, na udongo mwekundu umejaa chuma. Tope lenyewe pia humeza mwanga. Kwa hiyo maji huchujwa, yakatiwa dawa ya kukishika chuma kisisumbue. Mbinu ninayoipenda zaidi ni ya kuweka aina mbili za vitone pamoja: ya buluu inayozimwa na zebaki, na nyekundu isiyojali. Rangi ikihama kutoka buluu kwenda nyekundu, ni zebaki. Zikififia zote mbili, lawama ni ya tope. Kamera ya simu inaweza kuisoma tofauti hiyo.

Vitone hivyo, hata hivyo, huona zebaki iliyoyeyuka majini tu. Ile iliyozama kwenye matope, ambayo bakteria huigeuza kuwa sumu kali zaidi inayoingia kwenye samaki, bado inahitaji maabara.