Timu Iliyopotea Ujerumani

Wajukuu zangu, mpira wa mikono mnaujua: watu saba kila upande, mmoja wao golini, mpira unadundwa, unapasiwa, kisha unavurumishwa wavuni. Sasa sikilizeni habari za timu iliyojiita ya taifa, ikaingia uwanjani bila kuujua mchezo wenyewe.

Mwaka 2004, huko Wittislingen, mji mdogo kusini mwa Ujerumani, wenyeji walipokea timu ya mpira wa mikono kutoka Sri Lanka, kile kisiwa jirani na India. Wanaume 23. Walivaa jezi, wakacheza, wakafungwa magoli hadi wenyeji wakashangaa. Kisha siku moja wakatafutwa, hawapo! Waliacha barua ya kuwashukuru wenyeji wao na kusema wamekwenda Ufaransa. Kuulizia Sri Lanka, jibu likaja: nchi hiyo haikuwa na timu ya taifa ya mpira wa mikono.

Kisa hicho kilimvutia Uberto Pasolini, Mwitaliano, akaongoza filamu inayotokana nacho, iitwayo Machan, iliyotoka mwaka 2008. Aliiandika pamoja na Ruwanthie de Chickera, mwandishi wa tamthilia wa Sri Lanka. Naamini ni kwa sababu yake vijana wa filamu hiyo wanaongea Kisinhala, lugha ya Sri Lanka, kama watu wa jiji la Colombo wenyewe, wakitaniana, wakigombana, wakipatana.

Katika filamu hiyo, Stanley ni mchuuzi wa matunda. Rafiki yake Manoj anahudumu katika baa ya hoteli. Wanaomba viza, wananyimwa. Ndipo wanapopata habari za mashindano ya mpira wa mikono Ujerumani, na wazo linazaliwa.

Hapa tulieni kidogo. Viza ni ruhusa ya kuingia nchi ya watu, na ofisa wa ubalozi anataka kujua jambo moja kuliko yote: je, utarudi? Basi anaomba barua ya mwajiri, hesabu ya benki, labda hati ya nyumba. Mchuuzi wa matunda atavitoa wapi? Angekuwa navyo, asingehangaika kuondoka. Mwenye shida hasa ndiye anayefungiwa mlango, na jambo hilo linaniuma. Lakini timu ya michezo huja kwa mwaliko, ina kocha, ina sare, ina tarehe ya kurudi. Vijana wakaona hapo ndipo pa kupitia.

Walidanganya? Ndiyo, walidanganya, na sitawaficha hilo. Lakini filamu haiwachekeshi bure. Kabla ya safari inawaonyesha nyumba za kubanana, madeni, na wazazi wanaowategemea. Kwa miaka mingi watu wa Sri Lanka wamekwenda kutafuta riziki Italia, na wanawake wengi wamekwenda nchi za Ghuba, kama Kuwait na Saudia, kufanya kazi za ndani, kama wanavyokwenda dada na shangazi wengi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Mtoto wa Colombo na mtoto wa Mombasa wote wanajua kusubiri simu ya mama kutoka Ghuba.

Ndiyo maana nataka muione filamu hii. Ila iangalieni pamoja na mtu mzima, maana vijana wale wana midomo ya mtaani, na mengine mtahitaji kuyauliza palepale.