Ini Likikakamaa: Matunzo ya Mgonjwa Aliyerudishwa Mgeta

"Ini limekwisha, mrudisheni tu nyumbani." Familia nyingi zimerudi na kauli hiyo kutoka mjini, mgonjwa kakaa kiti cha mbele cha gari, tumbo limejaa maji na miguu imevimba. Kwa watu wa Mgeta, kurudi nyumbani maana yake ni kuiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, karibu na Mzumbe, na kuanza kupanda Uluguru kuelekea Langali na Nyandira, mbali na daktari bingwa yeyote. Ndugu wanachoelewa ni kwamba hakuna la kufanya tena.

Lipo, tena jingi. Ini lililojaa makovu halinyooki kwa sindano moja, na wagonjwa wetu wanaopandikizwa ini huenda India, kwa gharama ambazo shamba la kabichi haliwezi kuzilipa. Lakini sehemu kubwa ya matunzo ya mgonjwa huyu haihitaji chumba cha upasuaji. Inahitaji vidonge vya kawaida na jiko linalojua linachokifanya.

Damu inayotoka kwenye utumbo hupitia kwanza kwenye ini, kwa mshipa mmoja mkubwa. Virusi vya homa ya ini B au pombe ya miaka mingi vikishalijaza ini makovu, njia hiyo hubana. Mkulima wa Mgeta anayemwagilia kwa mfereji anayajua yanayofuata: ukiuziba chini, maji hupanda, hula kingo na kutafuta pa kupenyea. Damu nayo hupanda hadi kwenye mishipa myembamba ya umio, ikaitunisha mpaka ikaribie kupasuka. Majimaji huvujia tumboni. Na sumu za utumbo, ambazo ini lingezichuja, hupita kando na kufika kwenye ubongo.

Tumbo kujaa maji ndilo linalowatisha watu, na ndilo linalosingiziwa uchawi kuliko yote. Dawa yake ya kwanza ni kupunguza chumvi. Ini likilemewa, figo huanza kung'ang'ania chumvi, na chumvi huvuta maji. Mgonjwa anatakiwa asizidishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo kwenye mkate na samaki wa chumvi. Viazi vya Mgeta vichemshwe bila chumvi, vitiwe limao, kitunguu saumu au tangawizi. Chakula hicho kitamchosha, tusidanganyane, na akigoma kula ni heri kumlegezea kidogo kuliko kumwacha na njaa.

Pamoja na chumvi hupunguzwa maji kwa vidonge vya spironolaktoni na furosemidi. Hapa mizani ni ya lazima, na wakulima waliolalamikia lumbesa miaka nenda rudi hawahitaji kuelezwa thamani ya mizani. Mgonjwa apimwe uzito mara kwa mara, zahanati ikibidi. Kama miguu haijavimba, asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku, maana maji yakikimbia upesi mno figo huumia. Tumbo likikaza hadi pumzi ikawa shida, maji hutolewa hospitali kwa sindano, na huo ndio wakati wa kuyapima kama yana maambukizi. Homa na maumivu ya tumbo kwa mgonjwa huyu ni dharura.

Kosa kubwa la jikoni ni kumnyima protini. Watu huogopa kwamba nyama na maziwa "vitalichosha ini", wakamlisha uji mtupu, huku mapaja na mabega yakiyeyuka. Ukweli ni kinyume. Anahitaji gramu 1.2 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, zaidi ya mtu mzima mwenye afya. Mgeta ina bahati ambayo wilaya nyingi hazina: mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway, walioletwa kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine miaka ya 1980. Maziwa yao yakichemshwa, pamoja na maharage na njegere, yanatosha kujenga mlo. Na asilale na njaa. Ini lake halina akiba ya kumvusha usiku, hivyo mwili huanza kula misuli yake wenyewe. Kikombe cha maziwa na viazi viwili kabla ya kulala vina kazi kubwa.

Halafu kuna siku mzee anaanza kulala mchana na kukesha usiku, anamwita mwanawe kwa jina la kaka yake, akinyoosha mikono viganja vinapepea. Si wazimu wala mashetani. Ni zile sumu zimefika kichwani, mara nyingi baada ya kufunga choo, kupata maambukizi au kutokwa damu. Dawa yake ni laktulosi, sharubati inayoongezwa mpaka apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Mbinu nyepesi ya kumwahi: kila asubuhi aandike jina lake kwenye daftari lilelile. Mwandiko ukianza kuyumba, mpelekeni.

Kutapika damu, au choo cheusi tii kinachonata, hakungoji asubuhi. Hospitali humpa damu na antibiotiki, na kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili mishipa iliyotuna hufungwa kwa vipira kupitia endoskopi. Kwa kinga, mwaka 1981 Didier Lebrec na wenzake wa Paris walionyesha kuwa propranololi, kidonge cha zamani cha moyo, hupunguza kurudia kutokwa damu. Ni cha bei nafuu, ingawa si cha kila mgonjwa. Presha ikishuka mno daktari hukisimamisha.

Pombe iachwe kabisa, na gongo kwanza. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa duka la dawa bila swali, huua figo zake na kuchochea damu. Maumivu yatulizwe kwa parasetamoli, isizidi gramu 2 kwa siku.

Kama chanzo ni homa ya ini B, ipo tenofoviri. Mwaka 2013 utafiti mmoja uliochapishwa katika jarida la Lancet uliwafuata wagonjwa 96 ambao ini lao lilikuwa limekakamaa kwa makovu. Baada ya miaka mitano ya dawa, 71 hawakuwa tena na makovu ya kiwango hicho. Hao hawakuwa wamefikia kujaa maji, lakini hata aliyefikia hapo hunufaika.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto dhidi ya virusi hivi mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla hawana kinga hiyo. Waluguru, wenyeji wa Mgeta, huhesabu ukoo kwa mama, na neno la mjomba huwa zito katika kikao cha ugonjwa. Wajomba, lisemeni hili: wote wa nyumba ya mgonjwa wapimwe, na asiye na virusi wala kinga achanjwe dozi tatu ndani ya miezi sita.