Mechi ya Tony Adams isiyo na filimbi ya mwisho

NJE ya Uwanja wa Emirates jijini London kuna sanamu ya Tony Adams, beki aliyeichezea Arsenal tu maisha yake yote ya soka. Alibeba ubingwa wa England akiwa nahodha mwaka 1989, 1991, 1998 na 2002, yaani katika miongo mitatu tofauti.

Ila kuna kazi moja kubwa aliyoifanya nje ya uwanja, ambayo haikuwa na kombe wala kamera. Agosti 1996, Adams aliacha pombe na kuanza kuhudhuria mikutano ya Alcoholics Anonymous, maarufu kama AA.

Kabla ya hapo jamaa alikuwa ameshazama. Desemba 1990 alihukumiwa kwenda jela baada ya kuendesha gari akiwa amelewa na kugonga ukuta. Msimu huohuo Arsenal ikatwaa ubingwa ikipoteza mechi moja tu. Sasa nani angethubutu kumwambia nahodha wa mabingwa kwamba anaumwa? Makombe yalifunika kila kitu.

Mambo yalimfika shingoni baada ya Euro 1996. England ilitolewa na Ujerumani kwa penalti kwenye nusu fainali pale Wembley, Adams akiwa nahodha. Baada ya pale alikunywa kwa wiki kadhaa mpaka akakubali kuwa peke yake hawezi. Septemba aliwaita wachezaji wenzake akawaambia ukweli: yeye ni mlevi.

NDANI YA CHUMBA

Wengi wanaogopa mikutano hii kwa sababu hawajui kinachofanyika huko. Wanadhani utasimamishwa mbele kama mtuhumiwa, usomewe makosa yako. Sivyo.

AA ilianzishwa Marekani mwaka 1935 na walevi wawili, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari wa upasuaji, waliogundua kwamba mlevi anamwelewa mlevi mwenzake. Mpaka leo sharti la kuingia ni moja tu: uwe unataka kuacha pombe. Hakuna ada. Kuna kikapu cha mchango, mwenye nacho anatoa, asiye nacho anapitisha.

Mkutano huchukua saa moja au saa moja na nusu. Watu wanatumia jina la kwanza tu. Mmoja anasimulia alikotoka na anavyoendelea, wengine wanasikiliza bila kumkatisha. Mgeni halazimishwi kuongea, anaweza kukaa kimya mpaka mwisho. Na kinachosemwa mle ndani kinabaki mle ndani.

Wanafuata hatua 12, na mgeni hushauriwa kutafuta mtu aliyetangulia wa kumshika mkono, ambaye anaweza kumpigia simu hata usiku hamu ikimbana. Wengi huambiwa wajaribu mikutano 90 ndani ya siku 90. Ni kama maandalizi ya msimu: huwezi kufanya mazoezi siku moja ukadai uko fiti.

Je, ukiteleza? Unarudi. Paul Merson, aliyecheza na Adams pale Arsenal, alikiri hadharani mwaka 1994 kwamba ana uraibu wa pombe, kokeini na kamari. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyorudi kwenye pombe zaidi ya mara moja, na jinsi alivyorudi kwenye mikutano pia. Kadi nyekundu haipo huko.

UTAIPATA WAPI?

Mashabiki wa huku tunajuana. Timu ikishinda tunakunywa kushangilia, ikifungwa tunakunywa kupoza machungu, ikitoka sare tunakunywa tukimjadili refa. Anayeshindwa kuishia hapo ni vigumu kumtambua, maana meza nzima ina chupa.

Nairobi kuna vikundi vya AA. Zanzibar kuna soba hausi zinazotumia hatua hizohizo 12, hasa kwa wanaoachana na dawa za kulevya. Kwa aliye mbali, mikutano mingine hufanyika kwa intaneti, unaingia kwa simu ukiwa chumbani kwako. Pa kuanzia pengine ni kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Uliza kama kuna kikundi jirani, kisha piga simu kabla ya kwenda, kwa sababu siku na mahali hubadilika. Kikundi cha kwanza kisipokukaa vizuri, jaribu kingine.

Angalizo moja. Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Mwili uliozoea pombe unaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kuhatarisha maisha. Amwone daktari kwanza, na aendelee na mikutano sambamba na matibabu.

Familia nazo hazijasahaulika. Kuna mikutano ya wazi ambayo mke, mume au rafiki anaruhusiwa kuingia, na Al-Anon ni vikundi vya ndugu wa walevi.

Adams aliporudi uwanjani akiwa hanywi, Arsenal ilichukua ubingwa na Kombe la FA msimu wa 1997/98, halafu vyote viwili tena 2002. Mwaka 2000 alianzisha taasisi ya Sporting Chance kusaidia wanamichezo wenye matatizo kama yake. Makombe hayo aliyabeba akiwa bado anahudhuria mikutano, maana ubingwa wa wikiendi haukumlinda na kiu ya Jumatatu.