Bei ya Nini? Pemba na Majina Yaliyofungwa Katika Kanuni

Tuseme kijana wa Wete, aliyeipata elimu ya kompyuta na ambaye wazee wake ni wakulima, ameazimia kutunga programu ya kuwekea hesabu za aila yake; na kwa kuwa riziki ya nyumba hiyo ni ya namna tatu, yaani karafuu za shambani, makonyo yapelekwayo kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta, na mwani uoteshwao pwani na kina mama, akavipa vigeu vyake majina yaliyo dhahiri: bei_ya_karafuu, bei_ya_makonyo na bei_ya_mwani. Hapana Mswahili wa kumlaumu, maana ndivyo tusemavyo. Walakini, lau kijana huyo angaliiandika kazi yake kwa lugha ya C mwaka 1989, mwaka ambao lugha hiyo ilipata kanuni sanifu ya kwanza huko Marekani, na mashine yake ikawa ni ile iliyoitimiza kanuni hiyo kwa uchache wake, basi karafuu, makonyo na mwani vingalikuwa kitu kimoja.

Sababu ni hii. Programu kubwa huandikwa katika mafaili mbalimbali, kisha huja programu nyingine ikayaunganisha. Na kwa majina yatumikayo baina ya faili na faili, kanuni ya 1989 iliilazimisha mashine kupambanua herufi sita za mwanzo tu, wala haikuishurutisha itofautishe herufi kubwa na ndogo. Na ahesabu msomaji mwenyewe: b, e, i, kistari, y, a. Sita zimekwisha, na bidhaa haijatajwa! Kilichosalia ni bei_ya, na bei ya nini, mashine haijui. Hapo ama iunganishayo mafaili itakataa kazi, ama, na hili ndilo la kuhadhariwa zaidi, itayachanganya majina matatu kimyakimya, bei ya mwani iifute ya karafuu.

Idadi hiyo ya sita haikuzuka hivi hivi. Mashine ya IBM 704, iliyotangazwa mwaka 1954, ilikuwa na neno la biti 36, na kila herufi ikichukua biti 6, kwa hiyo herufi sita ndizo zilizoenea katika neno moja; na lugha ya Fortran, iliyotoka kwa mashine hiyo mwaka 1957, ikayawekea majina mpaka huo huo. Walipokaa wenye kuitengeneza kanuni ya C, miaka thelathini baadaye, walizikuta bado zipo programu za kuunganisha zenye ada ile ya kale, wakaona afadhali wote wavumilie ufinyu kuliko kuwafungia mlango wenye mashine za zamani.

Hawakukusudia kumdhulumu mtu, ila kipimo kilikatwa kwa mwili wa mwengine. Kiingereza hutanguliza kinachopambanua na kuchelewesha kinachoshirikiwa, hata karafuu ikatajwa kabla ya bei, na tofauti ikajitokeza tangu herufi za mwanzo. Kiswahili hutanguliza kinachoshirikiwa, kikafuata kiunganishi, ndipo kikaja kinachopambanua. Na hata lile dhehebu la pili la waandishi wa programu, wasiotumia kistari bali huinua herufi kubwa katikati ya jina mithili ya nundu za ngamia, lisingalimwokoa kijana wetu: beiYaKarafuu ingalisalimika kwa herufi yake ya K, ilhali beiYaMakonyo na beiYaMwani zote mbili zingalikomea kwenye M, zikazama pamoja. Ingalimlazimu aandike karafuu_bei, jina ambalo mashine ingalilipambanua bila taabu, na ambalo bibi yake angalidhani limesemwa na mgeni aliyeshuka jana bandarini Mkoani.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lililoipokea kanuni ya C mwaka 1990 na kuipa nambari 9899, ndilo pia lenye kutunza, chini ya nambari 3166, orodha ya alama za nchi na mikoa. Humo mikoa ya Tanzania ilipangwa kwa abjadi ya majina yake ya Kiswahili. Na kwa kuwa sisi hutaja upande kabla ya kisiwa, Kaskazini Pemba ikawa TZ-06 na Kusini Pemba TZ-10, na baina yao wakaingia Kaskazini Unguja, Kigoma na Kilimanjaro. Mwenye kusafiri kutoka Wete kwenda Chake Chake kwa kuifuata orodha hiyo hana budi avuke bahari hadi Unguja, aende akanawe uso katika Ziwa Tanganyika, aupande mlima wa theluji, ndipo arejee kisiwani.

Je, orodha haiwezi kupangwa upya? Mkoa wa Manyara ulipozaliwa mwaka 2002, mahali pake kwa abjadi palikuwa baina ya Lindi na Mara, lakini ulipewa TZ-26, mkiani baada ya Tanga. Na ndivyo walivyofuatishwa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, waliozaliwa mwaka 2012, na Songwe wa mwaka 2016 aliyepata 31. Mpango mzuri ulivunjwa kwa makusudi, kwani kumwingiza Manyara mahali pake kungalimsogeza kila aliye nyuma yake, na kila daftari lililoandika TZ-24 kwa muradi wa Tabora lingaligeuka kuwa la Singida.

Wenye C nao walijifunza adabu hiyo hiyo. Mwaka 1999 walipotaka neno la kubeba ndiyo na siyo, waliona kwamba bool, jina lililo jepesi, lilikwisha kutumiwa na watu wengi katika programu zao, kila mmoja kwa namna yake; wakachukua _Bool, jina baya lakini lisilo na mwenyewe, na bool ikaingia kuwa neno kamili la lugha katika kanuni iliyotolewa mwaka 2024. Robo ya karne walisubiri kwa kuchelea kumharibia mtu kazi yake.

Kanuni hiyo ya 1999 ndiyo pia iliyoinua mpaka wa herufi sita ukafika 31, na kwa kuwa bei_ya_karafuu ina alama 14 tu, kijana wa Wete leo hana udhuru wa kuandika Kiswahili cha kupinduapindua. Nasi twawausia walimu wa kompyuta wa Pemba wawafunze wanafunzi wao kuviita vitu kama viitwavyo nyumbani. Ama kwa wakubwa, Tanzania ni mwanachama wa ISO kwa njia ya Shirika la Viwango, TBS. Basi kanuni yoyote ihusuyo majina na ijaribiwe kwa sentensi ya Kiswahili kabla haijafungwa, kwani ikishafungwa, TZ-06 na TZ-10 hazikaribiani tena.