Mguu Unaorudi Karakana

Mguu wa bandia wa mtu mzima hudumu takriban miaka mitatu, kisha huchakaa ukahitaji kubadilishwa. Wa mtoto unaweza kumbana ndani ya miezi sita, maana mfupa unakua ilhali plastiki haikui. Mwendesha bodaboda wa miaka 25 aliyepoteza mguu kwenye barabara ya Bungoma na Chwele, akijaliwa kufika miaka 70, atavaa miguu kama 15 maishani mwake.

Hesabu hiyo ningependa iwe mezani kila panapozungumzwa habari ya kuanzisha kituo cha viungo bandia katika eneo kama hili la chini ya Mlima Elgon. Tumezoea kuupima mradi wa aina hii kwa siku ya ufunguzi: mahema, wageni wa heshima, miguu imepangwa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, hotuba, picha. Kipimo cha maana zaidi ni idadi ya waliorudi mara ya pili.

Sababu iko kwenye nyama na mfupa. Mguu ukishakatwa, sehemu inayobaki, yaani kigutu, huwa imevimba. Kwa miezi mingi baada ya upasuaji kigutu hupungua na kubadilika umbo. Soketi, ile sehemu ya mguu wa bandia inayovaliwa na kigutu, iliyokaa barabara mwezi wa tatu, inaweza kucheza ovyo mwezi wa tisa. Ikicheza inasugua, na ikisugua huacha kidonda. Mgonjwa wa kisukari ambaye mishipa yake ya fahamu imeharibika huenda asisikie kidonda hicho hadi kioze, na ndipo daktari anapolazimika kukata tena, juu zaidi. Kwa hiyo mguu uliotolewa kwa hisani na kuachwa bila ufuatiliaji si zawadi isiyo na hatari.

Utengenezaji wenyewe ni sayansi na ufundi kwa pamoja. Mtaalamu hukizungushia kigutu bendeji ya plasta iliyoloweshwa, akikandamiza kwa vidole mahali anapopataka. Plasta ikikauka huivua, akajaza uji wa plasta ndani yake, na kupata sanamu ya kigutu. Hapo ndipo ujuzi hujitenga na kubahatisha, kwa sababu sanamu hiyo haitumiki ilivyo. Mtaalamu huichonga. Chini ya pia ya goti, penye ukano mnene unaostahimili uzito, hupunguza plasta ili soketi ibane hapo. Kwenye ncha ya ugoko na kichwa cha ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, ambapo ngozi imekaa moja kwa moja juu ya mfupa, huongeza plasta ili pabaki nafasi. Mgawanyo huo wa mzigo ulipangwa kitaalamu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1950, na hadi leo mafundi hufundishwa kwa kuanzia hapo.

Kisha huja tanuri. Bamba la polipropilini, plastiki ya jamii moja na ile ya ndoo na viti vya bustani, hupashwa moto hadi lilegee na kuning'inia kama donge la chapati lililokwisha kusukumwa. Hufunikwa juu ya sanamu, na pampu hufyonza hewa hadi plastiki inase kila bonde na kila mwinuko. Stima ikikatika katikati ya hatua hii, bamba limeharibika. Kituo kikijengwa hapa Chwele bila jenereta au betri za kutosha, kitakuwa kinatupa malighafi kila radi inapopiga, na anayelijua anga la Bungoma wakati wa mvua za masika anajua kwamba hilo si jambo la nadra.

Plastiki hiyo ilienea katika kazi hii kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilipotafuta njia ya kutengeneza miguu kwa bei nafuu katika nchi zilizotapakaa mabomu ya ardhini. Ni nyepesi, haiozi kwa maji, na mabaki yake huyeyushwa yakatumika tena. Wakati huo India ilikwisha kupata jibu lake. Mjini Jaipur, katika jimbo la Rajasthan, mwishoni mwa miaka ya 1960, fundi Ram Chandra Sharma na daktari P. K. Sethi walibuni wayo wa mpira unaomwezesha mtu kuchuchumaa, kutembea pekupeku na kuingia shambani kwenye maji. Wayo wa kizungu wa enzi hizo ulibuniwa kwa mtu wa viatu na lami. Mkulima wa miwa au mahindi wa huku kwetu Kabuchai, anayetumia choo cha shimo na kupanda tuta lenye utelezi, anafanana zaidi na mkulima wa Rajasthan kuliko na karani wa San Francisco. Anayeagiza vifaa vya kituo asilisahau hilo.

Tuna mfano wetu wenyewe kwenye barabara itokayo Kitale kwenda kaskazini. Ukipita Lodwar na Kakuma unafika Lokichoggio, huko Turkana, na hapo, mwaka 1987, Msalaba Mwekundu ulifungua hospitali ya Lopiding kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Ilikua ikawa miongoni mwa hospitali kubwa za vita duniani, na karakana yake iliwavisha miguu watu walioletwa kwa ndege kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 2006, baada ya mkataba wa amani wa Sudan, ilikabidhiwa serikali ya Kenya, na mwaka 2009 kituo kikubwa cha urekebishaji kilifunguliwa Juba, karibu na wahitaji wenyewe. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara. Ila unaacha swali: vita vilileta karakana Turkana, je, ajali, kisukari na maradhi ya mifupa, ambayo hayana mkataba wa amani, yanaletewa nini?

Wahitaji si wachache. Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba katika nchi zinazoendelea takriban nusu ya asilimia moja ya watu wanahitaji viungo bandia, vifaa vya kushikilia viungo, au huduma zinazoambatana navyo. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Ukipiga hesabu, unapata zaidi ya watu 13,000 katika kaunti hizi mbili pekee. Viwango vya shirika hilo vya mwaka 2017 vinataka wataalamu watano hadi kumi wa fani hii kwa kila watu milioni moja. Maana yake ni wataalamu wasiopungua 13 kati ya Kitale na Bungoma.

Wengi wa hao 13,000 hawajakatwa mguu. Ni watoto wenye nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa, watu waliopooza upande mmoja, wenye migongo iliyojikunja. Nyayo zilizopinda hutokea kwa karibu mtoto mmoja katika kila 1,000, na tiba yake haina makeke: njia ya daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, ambayo hunyoosha wayo kwa plasta mpya kila wiki kwa wiki kadhaa, mara nyingi ikifuatiwa na mkato mdogo wa ukano wa kisigino, kisha viatu vilivyounganishwa kwa ubao ambavyo mtoto huvaa usiku hadi umri wa miaka minne au mitano. Viatu hivyo na ubao wake vinaweza kutengenezwa katika karakana hiyo hiyo. Mama akikosa nauli ya kuvibadilisha mtoto anapokua, wayo hurudi ulivyokuwa. Ningekuwa mpangaji, nusu ya saa za kazi ningeziwekea watoto.

Kituo pia huanzia mbali na karakana, kwenye chumba cha upasuaji. Mtu aliyekatwa chini ya goti hutumia takriban robo zaidi ya nguvu anapotembea, na aliyekatwa juu ya goti ongezeko hilo linaweza kupita nusu. Daktari wa zamu anayeokoa goti amemwokolea mtu huyo pumzi ya maisha yote. Wiki zinazofuata ni za mtaalamu wa fiziotherapia: kufunga bendeji, kunyoosha goti lisikakamae, kumzuia mgonjwa asikae siku nzima na mto chini ya kigutu. Goti likishakakamaa limekunjwa, hata soketi nzuri kuliko zote haitamsimamisha.

Kwa nini Chwele, basi, na si Nairobi? Kwa sababu Chwele ni soko. Ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi ya magharibi mwa Kenya, na watu hushuka kutoka mlimani, Sirisia na Kimilili wakiwa na kuku, vitunguu, ndizi na mahindi. Matatu zipo, na nauli imekwisha kulipwa kwa shughuli nyingine. Kliniki ikiwekwa siku ya soko, yule mzee anayesema soketi inamsugua atapita akiwa njiani kuuza kuku, badala ya kuuza kuku ili apate nauli ya kwenda Eldoret, zaidi ya kilomita mia. Kukaza skrubu au kulainisha ukingo wa soketi huchukua dakika chache. Safari ya Nairobi kwa ajili ya dakika hizo hakuna anayeifunga, na hivyo mguu huishia uvunguni mwa kitanda na magongo yakarudi mkononi.

Lililo gumu ni mishahara na mabamba ya plastiki, mambo mawili ambayo wafadhili hawapendi kupigwa picha nayo. Yanapaswa kuwa ndani ya bajeti ya kaunti kila mwaka. Wataalamu husomeshwa hapa hapa Afrika Mashariki: chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC Nairobi, na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa 1981 pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, na ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Diploma huchukua miaka mitatu. Jengo linaweza kusimama kwa mwaka mmoja, kwa hiyo kijana wa kwanza wa kupelekwa Moshi inampasa kuondoka kabla msingi haujachimbwa.